Kimya cha Dakika Arobaini na Mbili

Aliyepo na asikie, na ambaye mtandao umemkatikia asome taratibu, kwa kuwa nchi tunayoisimulia haina haraka.

Jamhuri ya Daima ni nchi safi, yenye watu wapole wanaopanga foleni hata akiwa mtu mmoja. Mtandao wa nchi hiyo haukatiki. Haukatiki kwa sababu sheria inaukataza. Sheria yenyewe ilipitishwa miaka kumi na tisa iliyopita kwa kura zote za ndiyo, na tangu siku ile haijapatikana rekodi hata moja ya mtandao kukatika, maana daftari la kuandikia rekodi hizo lilifutwa na kifungu cha pili cha sheria hiyohiyo.

Bila shaka hutokea, tuseme mara nane kwa siku, na mara kumi na mbili mvua ikinyesha, kile kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo cha simu, na picha ya unayezungumza naye ikaganda mdomo upande. Hapo Wadaima hawasemi mtandao umekatika. Wanasema mteja amepumzika. Ni usemi wa adabu, na mgeni anayetaka kuishi vizuri na watu hujifunza mapema kupumzika bila kelele.

Katika nchi hii ndiko alikokwenda Mwanakombo binti Shomari, mtoto wa Kipumbwi, kwa ufadhili wa miaka mitatu, kusomea ukutubi. Aliichagua kazi hiyo mwenyewe. Alikuwa msichana wa haya, aliyeweza kungoja nusu saa dukani kuliko kumwambia muuzaji kwamba amemruka, na alipopata habari kwamba duniani kuna kazi ambayo mtu hulipwa kwa kunyamaza na kuwanyamazisha wengine kwa kidole, aliona hiyo ndiyo riziki yake. Ndoto yake ilikuwa kurudi Kipumbwi kufungua chumba cha vitabu karibu na shule. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Alipanga chumba cha juu katika nyumba ya mjane aitwaye Bi Halgunda. Kisanduku cha mtandao kilikaa chini sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, kikitazamana na picha ya Mheshimiwa Waziri wa Mtandao. Sheria ndogo za manispaa zilitaka vitazamane. Basi Waziri alipata mtandao wa kutosha muda wote, na Mwanakombo, aliyekuwa nyuma ya kuta mbili na ngazi moja, alipata uliobaki.

"Usikiguse," Bi Halgunda alimwambia siku ya kwanza. "Kisalimie tu. Na usikiseme vibaya, kinajua."

"Na kikizima?"

Bi Halgunda alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua likichelewa kuchomoza afanyeje. "Binti," alisema kwa upole, "hapa utapumzika sana. Utazoea."

*

Kwao Kipumbwi msichana akiposwa huulizwa mara tatu mbele ya wazee. Akitaka, hunyamaza na kuinamisha macho. Akisema "ndiyo" kwa sauti, huchekwa mwaka mzima kwamba alikuwa na njaa ya mume. Asiyetaka ndiye anayepaswa kufungua kinywa. Desturi hii ilitungwa na watu wenye hekima sana, waliofikiri kwamba mtu akitaka kukataa hatakosa pumzi.

Mposaji aliitwa Hatibu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na maduka mawili ya magodoro, na alisifika kwa kumbadilishia mteja godoro lililobonyea bila kumuuliza alilala vipi. Lakini alikwisha kutamka mbele za watu kwamba mke wake hatafanya kazi, atakaa juu ya godoro jipya apumzike. Na Mwanakombo alikuwa amekwisha kupumzika vya kutosha katika Jamhuri ya Daima.

Aliazimia kukataa. Kwa siku tatu alilifanyia mazoezi neno lenyewe. Aliliambia bomba la maji, akaliambia kabichi, akaliambia sura yake katika kioo: "Sitaki, Ami." Sura ya kwenye kioo iliona haya ikatazama pembeni. Siku ya tatu ilianza kusikia.

Jumamosi, saa kumi alasiri, simu ya Kipumbwi iliegemezwa kwenye birika la kahawa. Mwanakombo aliona mkeka, magoti ya wazee, sinia la halwa lililofunikwa kawa, na mbele ya vyote Ami Mwinjuma, mdogo wa marehemu baba yake, kofia imenyooshwa vema.

"Mwanakombo binti Shomari," Ami alianza, kidole juu. "Hatibu bin Mngazija ameleta posa kwa heshima na taratibu. Mimi ami yako, badala ya baba yako, nakuuliza. Unasemaje?"

Mwanakombo aliinamisha macho kidogo, si kwa kukubali, bali kukusanya nguvu, kama mtu anavyorudi nyuma hatua moja kabla ya kuruka mtaro.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Sitaki, Ami," alisema, akaliambia lile dole lililoganda. Akalirudia. Mara ya tatu alilitamka vizuri kabisa, kwa adabu na kituo, na kama lingesikika lingesifiwa. Mara ya nne alikuwa kwenye ngazi, simu ameinua juu kama mtu anayevuka mto na mzigo. Mara ya saba alikuwa sebuleni mbele ya kisanduku.

"Tulia, binti," alisema Bi Halgunda, akifuta vumbi la Waziri kwa unyoya. "Umepumzika tu."

"Sijapumzika, Bi Halgunda. Nachumbiwa."

"Hongera."

Mtandao, ambao haukukatika, ulirudi baada ya dakika arobaini na mbili. Kwenye kioo hapakuwa tena na magoti ya wazee. Palikuwa na miguu ya watu wakipita na masinia, na vigelegele, na uso wa mama yake, Bi Mwanamvua, umesogea karibu mno na simu hata likaonekana jicho moja na nusu ya pua.

"Mama, kuna nini hapo?"

"Kuna furaha, mwanangu! Umetutoa kimasomaso."

"Mama, sikusema kitu!"

"Ndiyo hivyo! Mara tatu ami yako kauliza, mara tatu umetulia tuli, macho chini, hata kope hazikupepesa. Shangazi Tunu kalia. Kasema, Ulaya haijamharibu mtoto huyu."

Ulaya, kwa watu wa Kipumbwi, ni kila mahali kunakofikiwa kwa ndege.

"Mama," Mwanakombo alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mtandao ulikatika. Nilitaka kusema sitaki."

Jicho la mama yake halikusogea. Kisha likageuka kutazama nyuma, likarudi. "Halwa imeliwa, Mwanakombo."

"Yote?"

"Limebaki sinia."

*

Ami Mwinjuma alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu aliruhusiwa kuchukua mihuri iliyokufa, na mpaka leo anayo katika kopo la maziwa ya unga, hulifungua akiwa na huzuni. Mtu kama huyo haelezwi kwa machozi. Mwanakombo alimpigia kesho yake, wakati wa mchana, mteja alipokuwa macho.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, bibi harusi. Sema, lakini sema kwa kituo."

Akasema. Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la kikarani. "Ulikatika wapi? Huku au huko?"

"Huku, Ami."

Ami akacheka, akacheka tena, akaondoa miwani. "Mwanangu, nitafutie uongo mwingine. Sisi huku tuna mnara mmoja, mbuzi wa Mzee Chande anajikuna kwenye waya zake, na jana ulisimama imara. Wewe uko Ulaya. Tena katika nchi ambayo mtandao haujakatika miaka kumi na tisa. Nimesoma mwenyewe gazetini. Imeandikwa."

"Imeandikwa, Ami, lakini si kweli."

"Kilichoandikwa kikapigwa muhuri ni kweli, mpaka kije kilichoandikwa kingine kikapigwa muhuri mkubwa zaidi." Alivaa miwani. Sauti yake ilishuka, na hapo Mwanakombo alimsikia ami yake wa kweli, yule aliyembeba begani siku baba yake alipozikwa. "Mwanakombo, sikulazimishi. Lakini nikiwaendea watu walioshiba halwa nikawaambia eti mtandao, watasema Mwinjuma kazeeka. Au watasema mtoto ana mtu wake huko. Mama yako ataanza kwenda bombani kwa njia za nyuma. Mimi si dhalimu. Niletee karatasi yenye muhuri, ionyeshe kwamba kile kimya hakikuwa chako. Tunafunga ndoa Ijumaa ya tatu kutoka leo, kwa uwakala, wewe ukiwa hukohuko. Karatasi ikitangulia, jambo limefutika, wala hapana atakayeona aibu."

"Nitaleta, Ami."

"Na muhuri uwe wa duara. Ile ya pembe nne siiamini."

*

Mamlaka ya Mtandao Usiokatika imejengwa kwa vioo vitupu, ili mwananchi aone kwamba hakuna kinachofichwa, na milango yake iko upande wa nyuma, ili asiingie ovyo. Ukumbi wake una madirisha matatu. Dirisha la kwanza ni la Pongezi. La pili ni la Shukrani. La tatu limeandikwa Mengineyo Mazuri. Mwanakombo alipanga foleni kwenye la tatu, nyuma ya mzee aliyeleta shairi.

Nyuma ya dirisha alikaa Bwana Trumelo, afisa mwenye suti ya kijivu na beji kifuani iliyosema Nakusikiliza.

"Samahani," Mwanakombo alinong'ona. "Jumamosi, saa kumi na dakika saba, mtandao ulikatika..."

Bwana Trumelo alishusha kioo cha dirisha haraka, akatazama kulia na kushoto, akakiinua tena kwa upana wa kiganja. "Dada, neno hilo halitumiki ndani ya jengo hili. Huja watoto wa shule hapa kwenye ziara. Tuseme ulipumzika."

"Nahitaji karatasi."

"Karatasi!" Uso wa afisa ulichanua. "Hilo tu? Karatasi zipo. Nchi hii inaweza kukosa mvua, haijapata kukosa karatasi. Nitakuja kupima Jumatano."

Jumatano alikuja kweli, na futi ya fundi cherehani. Hakukipima kisanduku, kisanduku alikiinamia tu, akapita. Alimpima Mwanakombo. Alimpima urefu, akampima upana wa mabega, akapima kutoka kitini mpaka dirishani. Akamuuliza alikula nini Jumamosi ile na kama katika ukoo wao kuna watu wenye tabia ya kupotea kwenye mazungumzo.

"Kwa nini unanipima mimi?" Mwanakombo alithubutu kuuliza.

"Dada yangu, mtandao upo siku zote. Ni sawa na hewa. Mtu akizimia hatupimi hewa." Alikunja futi yake. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha kioo chenye mchanga, akakipindua mezani. "Sasa swali la mwisho, kwa mujibu wa kanuni. Je, umeridhika na huduma?"

Mwanakombo alilelewa kwamba mtu mzima akikuuliza swali zito, kwanza unatazama chini. Akatazama chini. Alikuwa anatafuta neno lisilomuumiza mtu aliyepanda ngazi zote zile na futi yake. Mchanga ukamalizika.

"Ameridhika kabisa," Bwana Trumelo aliandika, akisoma kwa sauti.

"Lakini sijasema kitu!"

"Ndiyo hivyo," alisema afisa, na Mwanakombo akahisi kwamba maneno hayo alikwisha kuyasikia mahali. "Asilimia tisini na tisa ya wateja wetu wameridhika. Tunawapigia simu kupitia mtandao kuwauliza. Asiyepokea, ina maana hana la kulalamikia. Wewe umeridhika ana kwa ana, ni heshima kubwa zaidi."

Karatasi ilitoka siku ileile. Ilikuwa na kingo za dhahabu na muhuri wa duara, mpana kama kisahani cha chai. Ilisema: Mamlaka inathibitisha kwamba Bi Mwanakombo Shomari ameridhika kabisa na yote yaliyotokea siku ya Jumamosi, kuanzia saa kumi na dakika saba alasiri. Na kwa kuwa Jamhuri ya Daima inajivunia wageni wake, nakala hutumwa moja kwa moja kwa jamaa wa karibu wa mteja. Nakala hiyo ilifika Kipumbwi kwa sekunde mbili. Haijapata kutokea, kabla wala baada ya hapo, kitu kikatoka Daima kwa kasi ile.

Ami Mwinjuma aliisoma barazani baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya msikiti mzima. Vigelegele vilipigwa mara ya pili. Hatibu, mtu mwenye shukrani, alituma godoro la sita kwa sita, la sampuli, likasukumwa na watu wanane mpaka ukumbini kwa Bi Mwanamvua, na hapo likakwama.

Ami alituma ujumbe: "Muhuri nimeuona. Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja sijaona mfano wake. Na maneno yamenyooka. Mungu akubariki, mwanangu."

*

Wiki ya pili ikaisha. Ya tatu ikaanza. Mwanakombo alikuwa akiketi maktaba ya chuo, mbele ya kitabu kilekile, ukurasa uleule. Mchana mmoja ukaingia ujumbe wa sauti wa mama yake. Ulikuja vipandevipande, akaungoja wote ufike ndipo akausikiliza kwenye ngazi za nje.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Bi Mwanamvua, taratibu, na nyuma yake kuku analalamika. "Hilo godoro haliendi mbele wala nyuma. Kila nikienda jikoni nalizunguka, nikilizunguka nakuona wewe. Sasa nisikilize, na usije ukamwambia ami yako. Mimi nilipoulizwa kwa baba yako nilinyamaza mara zote tatu. Wakapiga vigelegele. Sikunyamaza kwa kukubali, Mwanakombo. Nilikuwa na kwikwi. Niliogopa nikifungua mdomo itatoka mbele ya wazee. Baba yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, sikujuta hata siku moja. Lakini ilikuwa bahati. Bahati mwanangu usiipangie nyumba. Nenda kaseme."

Mwanakombo aliusikiliza mara mbili. Mara ya pili alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akaenda moja kwa moja Mamlakani. Zilibaki siku tatu.

Aliikuta Sikukuu ya Mtandao Usiokatika, mwaka wa kumi na tisa kutimia. Ukumbi ulijaa maafisa na maua, na kwenye kioo kikubwa ukutani Mheshimiwa Waziri alikuwa akihutubia taifa kutoka ikulu ndogo iliyo mtaa wa pili.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwahakikishia kwamba tumetoka mbali, tupo mbali, na tunakwenda mbali zaidi. Wapo wanaobeza. Hao nawaambia, mtandao huu hautayumba, hautasita, wala hauta..."

Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya pua ya Mheshimiwa.

Kwa mujibu wa itifaki, Waziri akipumzika watu husimama na kupiga makofi mpaka atakapoamka. Ukumbi mzima ulisimama. Dakika ya kwanza walipiga kwa furaha, dakika ya nne kwa wajibu, dakika ya tisa kwa zamu. Mwanakombo alipenya katikati yao mpaka dirisha la tatu, ambako Bwana Trumelo alikuwa akipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya meza, mwingine ukiwa umechoka.

"Nimekuja kwa habari ya ile karatasi," Mwanakombo alipaza sauti juu ya makofi.

"Ah, mteja wetu aliyeridhika!" Alimsogezea fomu na kalamu. "Weka saini hapa, kwamba umeridhika pia na karatasi ya kuridhika." Na kwa mazoea akakipindua kichupa cha mchanga.

Mwanakombo alitazama chini. Mchanga ulikuwa unashuka. Aliliona godoro, akaliona sinia tupu, akamwona mama yake, msichana wa miaka kumi na tisa, ameziba mdomo kwa nguvu zake zote ili kwikwi isitoke, na watu wanamfurahia.

"SITAKI!" alisema.

Mungu hupanga mambo yake. Wakati uleule Waziri alikuwa ameamka, makofi yalikuwa yamenyamaza kwa pamoja, na neno lile likatoka peke yake katika ukumbi wa vioo, likagonga ukuta wa kwanza, likagonga wa pili, likarudi kwa mwenyewe. Maua yalitikisika. Mzee wa shairi, aliyekuwa amekuja na beti mpya, aliketi.

"Umesemaje?" Bwana Trumelo aliuliza.

"Nimesema sitaki. Sijaridhika. Mtandao ulikatika. Dakika arobaini na mbili." Na kwa kuwa neno la kwanza ndilo gumu, yaliyofuata yalijipanga yenyewe. "Tena hata sasa ulikatika. Sote tumeona. Mikono yenu imevimba."

Hakuna aliyesema kitu. Kwa kanuni za nchi, ukumbi mzima ulikuwa umekubali.

*

Bwana Trumelo alikuwa mtumishi mwaminifu. Alichukua kitabu cha Kanuni, akalowesha kidole, akafungua. Palikuwa na safu ya Ameridhika, na safu ya Ameridhika Kabisa. Safu ya tatu haikuwapo. Alikigeuza kitabu nyuma, mbele, akakitikisa, kisianguke kitu.

"Hebu tufikiri pamoja," alisema, akifuta jasho. "Mtandao wetu unafika kila mahali. Kila anayefikiwa ni mteja. Kila mteja ameridhika. Wewe hukuridhika. Basi hukuwa mteja. Basi hukufikiwa. Basi..." Alisimama, kwa kuwa alikuwa amefika ukingoni mwa fikra na chini kulikuwa kunatisha. "Basi saa ile hukuwapo."

"Sikuwapo wapi?"

"Popote."

Mwanakombo alifungua mdomo kubisha. Kisha akamkumbuka ami yake, na miaka yake thelathini na mmoja ya ukarani, na akaufunga polepole. "Mnaweza kuliandika hilo?"

"Tunalazimika."

"Lina muhuri?"

"Mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kumkanusha mtu ni jambo zito kuliko kumridhisha."

Hati ya Kutokuwepo iliandikwa kwa wino mweusi. Muhuri wake ulihitaji maafisa wawili kuuinua. Hii Mamlaka haikuituma kwa jamaa. Haikuona cha kujivunia. Mwanakombo aliipiga picha, akakaa chini sebuleni kwa Bi Halgunda, mgongo kwenye kabati la vyombo, akaituma Kipumbwi. Ilianza kuondoka saa mbili asubuhi. Ilifika ukandaukanda, kama mkeka unaosukwa. Muhuri ulifika adhuhuri, na Ami akaanza kuufurahia kabla hajajua unasema nini. Maandishi yalimalizika kufika wakati wa magharibi.

Simu ya Ami ilichelewa kwa muda wa kusoma mara tatu.

"Mwanakombo."

"Labeka, Ami."

"Imeandikwa hapa kwamba Jumamosi ile, toka saa kumi na dakika saba mpaka kumi na dakika arobaini na tisa, hukuwapo nchini humo wala mahali pengine popote palipoumbwa."

"Ndiyo, Ami."

Kimya. Ami mwenyewe, safari hii, si mtandao. "Nimeandika kesi za watu waliotoroka," alisema hatimaye. "Nimeandika za waliojifanya wafu ili wakwepe kutoa ushahidi. Kanuni ni moja. Kimya ni cha mtu aliyepo. Kiti kitupu huwezi kusema kimenyamaza. Mimi niliuliza birika." Alivuta pumzi. "Nimewalisha watu halwa kwa idhini ya birika la kahawa!"

"Nisamehe, Ami."

"Unisamehe wewe. Muhuri wa namna hii sijauona tangu nizaliwe. Kesho Ijumaa nawasomea watu hii hati badala ya kufunga ndoa, na Jumamosi tunauliza upya, kwa taratibu."

*

Jumamosi mkeka ulitandikwa tena. Wazee walikuwapo, Shangazi Tunu alikuwapo, na Hatibu alikuja mwenyewe, akaketi kwa heshima kwenye pembe ya godoro lake lililokwama. Halwa safari hii haikufunikwa. Ilifungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao Bi Mwanamvua.

"Bismillahi," Ami alianza, kidole juu. "Mwanakombo binti Shomari, kwa mara nyingine, mbele ya mashahidi hawa..."

Kioo kikatikisika. Mwanakombo aliiona ncha ya kile kiduara ikichungulia.

"SITAKI, AMI!" alipiga kelele, kabla swali halijaulizwa, kwa sauti iliyowatoa Wadaima madirishani mtaa mzima. "Bwana Hatibu unisamehe sana, huna ubaya, lakini sitaki! Nataka kusoma, nirudi, nifungue..."

Kiduara kikazunguka.

Kipumbwi, ilisimuliwa baadaye, picha iliganda hivyohivyo: mdomo wazi, macho mbele, mtandio umeanguka begani. Wazee waliitazama. Haikuhitaji tafsiri. Hatibu alisafisha koo, akasema ameelewa, akasema tena hana kinyongo, akajaribu kuondoka na godoro lake, watu wanane wakasukuma. Likakataa kutoka. Akaliacha zawadi.

Shangazi Tunu alinyoosha mkono aizime simu, kwa kuwa aliona si vizuri mtoto wa kike kubaki kinywa wazi mbele ya wanaume.

"Iache," alisema Bi Mwanamvua. "Nataka kumtazama."

Akaitazama dakika zote mpaka betri ilipokwisha.

Katika Jamhuri ya Daima, Jumatatu yake, barua ilipitishwa chini ya mlango wa Bi Halgunda, ina muhuri wa pembe nne. Idara ya Uhamiaji ilikuwa imesoma Hati ya Kutokuwepo kwa makini. Ilieleza kwamba Bi Mwanakombo Shomari hakuwapo mahali popote kwa dakika arobaini na mbili, kisha saa kumi na dakika arobaini na tisa alionekana tena nchini bila kupita mpaka wowote. Alitakiwa aeleze aliingilia wapi. Asipojibu kwa siku saba, itahesabika kuwa amekubali kosa.

Bi Halgunda alimsomea kwa sauti, mkono kifuani. "Maskini binti wa watu! Sasa utafanyaje?"

Mwanakombo alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja, anatafuta cha pili.